Mchango wa zimamoto wa shehia: pigeni kura ya ndiyo, ila msinunue gari

SWALI: Assalaam aleikum wataalamu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shehia, wilaya ya Wete, Pemba. Tuna nyumba zipatazo 400, nyingi za mabati, nyengine bado za makuti. Limeletwa pendekezo kila nyumba itoe shilingi 1,000 kwa mwezi kwa ajili ya vifaa vya kuzimia moto, na mkutano wa wananchi utalipigia kura. Wapo wanaosema zimamoto ni kazi ya Serikali, tusilipe mara mbili. Wapo wanaotaka tununue gari. Wengine wanaona pampu ya kumwagilia mboga inatosha, maana visima tunavyo na pwani iko karibu. Mpwa wangu anaishi jimbo la Washington, Marekani, na anasema huko kodi ya zimamoto hupigiwa kura na wananchi wenyewe. Tuwaambie nini watu?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu mjumbe. Waambieni wapige kura ya ndiyo, lakini kwanza wajue wananunua nini. Wanachonunua ni dakika kumi za mwanzo.

Chumba chenye godoro la sponji, mapazia na viti vya plastiki hakihitaji muda mrefu. Moto ukishashika, joto hujikusanya chini ya dari, na ndani ya dakika 3 hadi 5 kila kilichomo chumbani kinaweza kuwaka kwa mpigo mmoja. Kuanzia hapo hakuna wa kuingia na ndoo. Paa la makuti halingoji hata hizo, hasa baina ya Januari na Febuari, kaskazi inapovuma na makuti yamekauka: moto hupanda hadi kwenye mgongo wa paa huku vipande vinavyowaka vikipeperushwa kwenye paa la jirani. Sasa pigeni hesabu ya gari ya Kikosi cha Zimamoto na Uokozi. Ikiwa kituo kiko kilomita 15, na gari ikaenda kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa bila ya kusimama, ni dakika 15, kabla hamjaongeza muda wa kupiga simu, kuelekeza njia na kuvuka mtaro. Askari hata wakiwa hodari vipi watakuta nyumba ya kwanza imekwisha. Kazi yao itakuwa kuokoa ya pili na ya tatu.

Hapo ndipo lilipo jibu la wanaolalamikia kulipa mara mbili. Kikosi kinaendeshwa na Serikali na kitaendelea kuwa cha Serikali. Mchango wenu haukipunguzii kazi wala haukichukulii nafasi. Unajaza pengo ambalo hata bajeti kubwa haiwezi kuliziba, kwa sababu ni pengo la masafa.

Kuhusu gari, tunasema hapana. Nyumba 400 kwa shilingi 1,000 kwa miezi 12 ni shilingi 4,800,000 kwa mwaka iwapo kila mtu atalipa, na si kila mtu atalipa. Gari mpya ya zimamoto ni mamia ya mamilioni. Iliyotumika ni rahisi zaidi, lakini itataka dereva, matairi, betri, banda na fundi kila mwezi, iwe kuna moto au hakuna. Na hata mkiipata, itazameni hesabu ya maji: tangi la lita 3,000 likitoa maji kwa mpira mmoja wa kuzimia moto wa milimita 45, kiasi cha lita 400 kwa dakika, linakauka baada ya dakika saba na nusu. Hilo huikumba hata gari ya Kikosi: inafika, inapiga maji kwa muda huo, kisha inaanza kutafuta pa kujaza huku watu wakiirushia maneno kwamba imekuja bila maji. Haikuja bila maji. Ilikuja na yale inayoweza kubeba, na mtaani hapakuwa na akiba.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye maji. Msitegemee mfereji, yaani maji ya bomba: pampu za ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, zinatumia umeme, na umeme ukikatika, au ukikatwa makusudi kwa sababu ya moto wenyewe, mfereji unaweza kukauka. Jengeni tangi la ardhini la lita 20,000. Kwa ndani ni mita 5 kwa 2, kina mita 2, na hilo linalisha mpira mmoja kwa dakika 50. Likiwa ghali, anzeni na matangi mawili ya plastiki ya lita 5,000, muyaunganishe chini kwa bomba la inchi 3 au 4. Bomba la inchi moja halipitishi maji ya kutosha, na hilo ndilo kosa la mafundi wengi. Wekeni boya la kujifungia juu, mfuniko wenye kufuli kwa ajili ya watoto na wavu wa kuzuia mbu, na mahali pagumu pa kusimama gari umbali wa mita tatu au nne. Watu watataka kuchota, na ni haki yao. Basi koki ya kuchotea iwekwe juu ya alama ya akiba, ya kuzimia moto iwe chini. Hivyo akiba haiguswi hata siku ya harusi.

Kabla hamjajenga, kaeni na kamati za misikiti. Tangi la udhu lililokwishajengwa na linalojazwa kila siku ni akiba iliyo tayari. Linahitaji tu tundu la kutolea lenye ukubwa unaofaa na makubaliano ya maandishi.

Sasa pampu, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Pampu ya petroli ya inchi 3 ya kumwagilia inaweza kutoa karibu lita 1,000 kwa dakika, namba inayovutia dukani. Lakini ya kawaida husukuma maji hadi mita 30 tu kwenda juu, na mita 10 ni kiasi cha baa moja (baa ni kipimo cha shinikizo), kwa hiyo mwisho wake ni baa 3, tena hapo maji hayatembei. Nozeli ya zimamoto, yaani mdomo wa mpira wa kunyunyizia, inataka baa 5 hadi 7. Pampu ya mboga itamwaga maji miguuni penu. Inafaa kujazia tangi au gari, na kwa kazi hiyo inunueni bila wasiwasi. Ya kuzimia moto lazima iwe ya shinikizo kubwa. Soma kibandiko: lita 500 kwa dakika kwa baa 6 zinatosha kijiji kama chenu. Iwe ya injini. Pampu ya umeme siku ya moto ni pambo.

Visima navyo vina mpaka wake. Pampu iliyo juu ya ardhi hainyonyi maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 hivi, iwe ya bei gani. Si udhaifu wa mashine: ni uzito wa hewa ndio unaoyapandisha maji, na kwa vitendo hewa haiyafikishi zaidi ya hapo. Pimeni kwa kamba yenye jiwe mwishoni mwa kiangazi, si baada ya masika. Mpira wa kunyonyea uwe mgumu wenye waya ndani. Mpira laini hujikunja kama mrija na maji hayaji. Kichujio kizame angalau nusu mita, la sivyo pampu itavuta hewa. Ikikataa kunyonya, angalieni kwanza pete za mpira kwenye viungio. Mara nyingi tatizo huwa pale, na pete ni kitu cha bei ndogo.

Jambo moja msilisahau kabla ya kulipa: viungio vya mipira haviko vya namna moja. Vipo vya Kiingereza vya kuchomeka na kubana, vipo vya Kijerumani vya kuzungusha, na haviingiliani. Nendeni kituo cha zimamoto cha karibu mkaulize wanatumia vipi, chukueni picha, ndipo muagize. Shehia yenye tangi zuri ambalo gari ya Kikosi haiwezi kuunganisha mpira wake imejenga birika la mbu.

Vifaa vingine ni vya bei nafuu na vina faida kubwa. Mitungi kumi ya kuzimia moto, ya unga, ya kilo 6, iwekwe madukani, skuli na msikitini, isifungiwe ofisini kwa sheha. Mtungi mmoja hutoa unga kwa sekunde 15 hadi 20 tu, basi ulengwe chini ya moto, si kwenye ndimi. Kila mwezi mtazame mshale wa geji uwe kwenye kijani, na mtungi upinduliwe mara kadhaa, maana unga hujigandisha kwa unyevunyevu wetu wa pwani. Kwa nyumba za makuti hakuna kinachoshinda upembo: mti wa mita 4 au 5 wenye kulabu ya chuma. Vijana wanne wenye pembo mbili wanavua makuti ya nyumba iliyo upande upepo unakokwenda, wakaacha uwazi kabla cheche hazijafika. Mwenye nyumba atalia, lakini makuti huezekwa tena. Na muwafundishe akina mama na akina baba pamoja: mafuta ya kukaangia yakiwaka, funika sufuria na zima jiko, usimwage maji kamwe. Gesi ikinuka, funga koki ya mtungi, fungua milango na usiguse swichi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, kwa hiyo mlango wazi hadi chini unasaidia kuliko dirisha la juu.

Kuhusu ukusanyaji, hatukubaliani na pendekezo la kila mwezi. Nyumba 400 mara 12 ni stakabadhi 4,800 kwa mwaka. Mkusanyaji atachoka, na atakapochoka fedha zitaanza kukaa mfukoni. Kusanyeni shilingi 12,000 kwa mkupuo mmoja msimu wa karafuu, ZSTC (shirika la biashara la Serikali) inaponunua na mikono ina kitu. Asiye na mikarafuu alipe kwa awamu mbili. Wajane na wazee wasiojiweza wasamehewe kwa orodha inayosomwa mkutanoni. Pangeni bajeti kwa asilimia 60 ya malipo, yaani shilingi 2,880,000, na kitakachozidi kiwe baraka. Mwaka wa kwanza matangi, mitungi na pembo. Mwaka wa pili na wa tatu wekeni akiba ya pampu na mipira. Robo ya kila mwaka isiguswe ila kwa matunzo: injini iwashwe dakika 10 kila wiki, petroli iliyokaa zaidi ya miezi mitatu itolewe itiwe kwenye pikipiki, mipira ianikwe ikauke kabla ya kukunjwa. Mpira uliokunjwa na maji huoza, na utapasuka siku mnayouhitaji.

Upande wa sheria, mkutano wa shehia unaweza kukubaliana juu ya mchango wa hiari. Hauwezi kumlazimisha mtu. Mkitaka iwe tozo ya lazima, pelekeni kupitia kwa diwani ili baraza lake la madiwani litunge sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2014. Tungewashauri muanze na hiari mwaka mmoja. Hesabu zilizobandikwa ubaoni mwaka wa kwanza zitamsaidia diwani kuliko hotuba.

Mpwa wako amesema kweli, ila mfumo wao ni mwengine. Katika jimbo la Washington wilaya za zimamoto ni mamlaka kamili, na kodi yake hufuata thamani ya nyumba: kwa kawaida haizidi dola 1.50 kwa kila dola 1,000, na ile ya huduma za dharura za wagonjwa haizidi senti 50. Nyumba ya dola 400,000 kwa kiwango hicho cha juu cha zimamoto italipa dola 600 kwa mwaka. Sheria hairuhusu jumla ya makusanyo kupanda zaidi ya asilimia 1 kwa mwaka, mbali na majengo mapya, isipokuwa wapiga kura wakubali. Ndiyo sababu wanarudishwa kwenye sanduku la kura kila baada ya muda. Kwenu hakuna thamani ya nyumba ya kukadiria, na magari ya wagonjwa msiyaingize humu, ni ya upande wa afya. La kuiga ni karatasi yao ya kura: kiwango, kazi ya fedha na muda vinaandikwa kabla mtu hajasema ndiyo. Andikeni hivyo hivyo, kwa mfano: "Shilingi 12,000 kwa nyumba kwa mwaka, kwa miaka mitatu, kwa akiba ya maji, vifaa na matunzo yake tu, hesabu kusomwa mbele ya wananchi kila baada ya miezi sita."

Limebaki la bahari. Maji ya chumvi yanazima moto sawasawa na ya kisima. Tatizo ni kupwa: siku za bamvua maji hukimbia mbali, na pampu mliyoizoesha kukaa ufukweni wakati wa kujaa haitayafikia. Tafuteni mahali penye kina hata maji yakipwa, kama gati au mkondo wa mikoko, mpapime siku ya bamvua lenyewe, na mweke alama. Baada ya kutumia maji ya bahari, pitisheni maji baridi, yasiyo ya chumvi, kwenye pampu, mipira na nozeli kwa dakika 10, siku ileile.