Maswali ya Wasomaji: "Ekename" na herufi n iliyohama

SWALI: Katika kitabu cha zamani cha Kiingereza nimekuta neno "ekename", na maelezo yanaonyesha ni jina la utani. Kamusi yangu ndogo ina "nickname" tu. Je, ni kosa la uchapaji? Rafiki yangu naye anashikilia kuwa "nick" humo ni jina la shetani, maana Waingereza humwita Old Nick. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kitabu chako kiko sahihi. Kosa, kama tukiliita hivyo, limo ndani ya "nickname" yenyewe, na lina umri wa zaidi ya miaka 500.

"Eke" ni neno la kale la kuongeza au nyongeza. "Eke name" basi ni jina la nyongeza, lile mtu analobandikwa juu ya jina alilopewa na wazazi. Linaonekana katika maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 14. Waswidi mpaka leo wana "öknamn" na Wadeni "øgenavn", yaliyoundwa vivyo hivyo, ila kwao ni jina la kejeli zaidi kuliko utani. Shetani hahusiki. Hahusiki pia "nick" wa kuchanja wala wa kuiba, ingawa maelezo hayo nayo husambazwa sana.

Sasa hiyo n. Kiingereza hutanguliza "a" kwa jina linaloanza na konsonanti, na "an" kwa linaloanza na irabu. Tamka "an eke name" bila kupumua katikati: sikio halijui n ni mkia wa neno la kwanza au kichwa cha la pili. Watu wengi enzi hizo walijifunza maneno kwa kusikia tu, na hata waandishi hawakuwa na tahajia moja. Kufikia katikati ya karne ya 15, "neke name" imeshaandikwa kama neno halali. Mjusi wa majini aitwaye "newt" alipata n yake kwa njia hiyohiyo, kutoka "an ewte". Hata majina ya watu yamo: "mine Ed" (yaani Ed wangu) ikazaa Ned, na "mine Ann" ikazaa Nan.

Safari ya kinyume ndiyo inayotugusa zaidi. Aproni tunayoifunga jikoni ilikuwa "napron", kutoka neno la Kifaransa la kitambaa. "A napron" ikasikika "an apron", n ikapotea, na sisi tukaipokea baada ya msiba. Nyoka "adder" alikuwa "nadder". "Umpire", mwamuzi wa kriketi, alikuwa "noumpere", kutoka Kifaransa cha kale "nonper", asiye na wa kulingana naye: mtu wa tatu anayeletwa wawili wanaposhindwa kukubaliana.

Ukitaka kuhakiki neno unalolishuku, anza na kamusi inayoonyesha maumbo ya kale kwa tarehe. Umbo lenye n likitangulia, n ndiyo asili. Kisha angalia ndugu zake. Wajerumani wana "Natter", nao ni nyoka, ingawa si yuleyule, na "napkin" ya Kiingereza bado imebaki na n ambayo "apron" ilipoteza. Tahadhari na "orange". Kiarabu ni "naranj", Kihispania "naranja", na wengi huwalaumu Waingereza kwa kudondosha n. Neno liliwafikia kutoka Kifaransa likiwa tayari halina.

"Eke" peke yake lilitumika pia kwa maana ya "pia". Mshairi wa Kiingereza Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, analiandika "eek". Leo limebaki katika "eke out", ambayo karibu ni kuungaunga kwetu. Kwa asili kinachotajwa ni kile kilichopungua: una-"eke out" unga kwa kuuongezea viazi, hu-"eke out" viazi. Wafugaji nyuki wa Uingereza nao wanalo kama jina la kifaa: fremu fupi inayoongezwa kwenye mzinga ili upate kimo, kwa mfano kutengeneza nafasi ya kuwawekea nyuki chakula.

SWALI: Je, Kiswahili nacho kina maneno yaliyokatwa vibaya namna hii? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kinayo, lakini kisu chetu ni kingine. Hatuna "a" na "an". Tuna viambishi vya ngeli, na sikio la Mswahili huvitafuta hata pasipo navyo. Ki- ya "kitabu" ni sehemu ya neno la Kiarabu, "kitab", ambalo wingi wake ni "kutub". Sisi tukaiona ki- kama ya kiti, tukapata vitabu. Ndivyo ilivyokuwa kwa kibao cha Kiingereza cha "keep left": kikawa kipilefti, na barabara ikiwa navyo viwili, ni vipilefti.

Madigadi ni mfano mtamu kuliko yote, na ndio unaokaribia zaidi "apron", kwa sababu hapa neno limepungua. "Mudguard" iliposikika "madigadi", ile ma- ikachukuliwa kuwa ya wingi, kama ya magurudumu. Ikakatwa, na ndiyo maana baiskeli yenye madigadi mawili ikigongwa nyuma hubaki na digadi moja.