Pole kavu na mtu mkavu

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni msomaji wenu wa Mikindani, Mtwara. Babu yetu alipofariki sikuweza kufika msibani Nachingwea, nikatuma rambirambi kwa simu pamoja na ujumbe huu: "Poleni kwa msiba. Mungu awape subira." Shangazi alipousoma alisema, "Pole yenyewe kavu." Fedha nilikwisha kutuma, je, alimaanisha kwamba sina moyo? Tena, "kavu" na "juujuu" zina maana moja?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuondokewa na babu.

Kwa mazoea, pole kavu ni ile isiyoandamana na chochote mkononi, kama ilivyo asante kavu, na bila shaka ndiyo sababu umezitaja fedha. Lakini kwa kuwa rambirambi yako ilikwisha kufika, ukavu aliousema shangazi ni wa maneno yenyewe: hayamtaji marehemu, hayaonyeshi kwamba aliyeyaandika ni mjukuu, na mtu yeyote angeweza kumtumia mfiwa yeyote.

Hata hivyo, sioni kwamba alikuhukumu wewe. Kivumishi hiki hupatana na ngeli ya nomino yake, hivyo tunasema pole kavu, jibu kavu, maneno makavu, kicheko kikavu, na upatanisho huo ndio unaoonyesha ukavu uko wapi. Shangazi alisema "kavu", akiisema pole. Hakusema "mkavu", ambalo lingekugusa wewe mwenyewe. Na mtu akiitwa mkavu wa macho, lawama inakuwa nyingine kabisa, kwani mwenye macho makavu ni asiye na haya, wala si lazima awe hana huruma. Neno lenyewe halina ubaya wa asili. Huku kwetu Kusini mkulima hujivunia korosho kavu, kwa sababu zenye unyevu huota ukungu ghalani.

"Juujuu" ni jambo jingine. Kavu husemwa pale ambapo dalili za hisia hazionekani. Juujuu husemwa pale ambapo dalili zipo, pengine tele, lakini chini yake hamna kitu. Anayelia kwa sauti kuliko wafiwa, kisha matanga yakishaanuliwa asimjulie hali mjane hata siku moja, mapenzi yake ni ya juujuu, ingawa hakuna atakayemwita mkavu. Kwa upande wa pili, yuko mfiwa ambaye hatoi chozi kwa kuzidiwa na uchungu, na kumwita mkavu huyo ni kumdhulumu.

Basi ushauri wangu ni kwamba umpigie shangazi simu, usimtumie ujumbe mwingine. Mtaje babu, mkumbushe jambo moja alilokufanyia ulipokuwa mdogo, kisha mwache naye aseme.