Ukitaka Watu Waijue Saratani ya Watoto, Taja Dalili

Juzi mama mmoja wa Kigoma aliniandikia. Alikuwa amesikia sauti yangu kwenye kundi la WhatsApp nikiwaambia kina mama: ukimwogesha mtoto ukagusa uvimbe mgumu upande mmoja wa tumbo, usiuminyeminye, mpeleke hospitali. Akamwogesha wa kwake, akaukuta. Ni saratani ya figo, imewahiwa, na dawa ameshaanza. Nimeisoma meseji ile mpaka naikumbuka neno kwa neno, na ninajivunia.

Sasa Septemba, mwezi wa saratani ya watoto, ikikaribia, wengi mnaniuliza muanzie wapi kuwaelimisha watu. Nitawajibu kwa yaliyonipata.

Binti yangu alikuwa hajafikisha miaka miwili. Kila tukimpiga picha kwa flashi, mboni ya kushoto inatoka nyeupe, inang'aa kama ya paka gizani. Kituo cha afya nikapewa dawa ya matone. Niliporudi, nikapewa matone mengine. Nyumbani mtu mzima mmoja akatamka mbele ya wageni kwamba mtoto kapigwa kijicho kwa sababu mama yake anajidai. Majirani wakazuia watoto wao wasije kucheza kwetu, eti wataambukizwa. Saratani haiambukizi, jamani! Miaka imepita na maneno yale bado yananichoma.

Aliyetuokoa ni muuguzi wa kliniki, siku ya kupima uzito. Alimmulika jichoni kwa tochi, akaandika rufaa pale pale. Muhimbili wakasema ni retinoblastoma, saratani inayoota ndani ya jicho, sehemu ya nyuma. Jicho liliondolewa ili mtoto abaki. Leo yuko darasa la nne, ana jicho la bandia, na kwenye hesabu anawaacha binamu zake wakubwa.

Muuguzi yule alikuwa anaijua dalili. Basi nanyi semeni dalili! Picha ya mtoto aliyenyonyoka nywele, analia na dripu mkononi, itawaletea "pole" nyingi, lakini hakuna atakayekwenda kummulika wa kwake. (Na picha hiyo mzazi wake aliiridhia?) Semeni mboni nyeupe, au kengeza lililoanza ghafla. Semeni taya linalovimba haraka na meno kulegea: hiyo huweza kuwa limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga ya mwili, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Kampala, na huwapata zaidi watoto wa maeneo yetu haya yenye malaria nyingi. Semeni homa isiyoisha, mtoto kupauka, kuvilia damu bila kuanguka, kulalamika mifupa inauma. Rudieni, kisha mrudie tena.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi zenye kipato kama chetu hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 liliweka lengo la angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo 2030. Dawa pekee haitatufikisha huko ikiwa watoto wanaletwa uvimbe umeshakuwa mkubwa, au wanatoroshwa wodini katikati ya matibabu kwa sababu shangazi kasikia kuna mganga.

Nendeni kliniki siku za uzito, kwenye vikoba, msikitini na kanisani watu wanapotoka. Nendeni hata kwa waganga wenyewe, kwa heshima, maana wagonjwa wengi huanzia kwao. Mimi nimekwenda, na mmoja sasa hunipigia simu akiona taya limevimba.

Na mkishataja dalili, tajeni pa kwenda: Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza. Mama wa kijijini mwambieni mapema kwamba Muhimbili inashirikiana na shirika la Tumaini la Maisha kuwatibu watoto hawa, asije akabaki nyumbani akidhani lazima auze shamba kwanza. Nauli mchangieni. Kikoba chetu hutoa siku hiyo hiyo, bila kusubiri kikao.