Mpira ukishatoka mkononi, nani anausukuma?

Mwalimu pole, hao wa fomu tuu wanaobisha kwamba mpira ukirushwa juu kani ya mkono inaendelea kuusukuma wala sio vilaza, hata kina Aristotle, wale wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hilo liliwasumbua. Usianze na fomula aisee, watoe nje.

Mmoja arushe juu wima, mwingine arekodi na simu kwa slomo, halafu waulize pale juu kabisa mpira unaposimama kuna kani gani. Wengi watakwambia hakuna, na hapo ndo utamu ulipo maana graviti, ile kani ya dunia inayovuta vitu chini, haijapumzika hata kidogo, ingepumzika mpira ungebaki unaning'inia hapohapo! Mkono uliupa kasi tu basi, kuanzia hapo graviti inaipunguza mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde mpaka sifuri kisha inaurudisha chini. Wapime muda pia, ukidakwa palepale uliporushiwa baada ya sekunde 2 ina maana ulipanda sekunde 1, yani kama mita 4.9 hivi.

Ila mpira wa chandimu wa nailoni achana nao siku hiyo, mwepesi mno hewa itakuharibia hesabu, tafuta wa tenisi.