Simu inakuambia ina virusi? Soma hapa kabla hujapakua kitu

Mkuu mleta uzi, umeuliza uweke antivairasi gani, maana tangu uangalie mechi kwenye tovuti ya bure simu inaleta ujumbe kila mara kwamba ina virusi. Kwanza usiweke yoyote. Mimi ni fundi simu hapa Mwanza, na simu nyingi za namna hiyo zinazofika mezani kwangu hazina kirusi chochote. Zina ruhusa ambayo mwenye simu aliitoa bila kujua.

Inakuwa hivi. Unafungua tovuti ya mpira au ya filamu, na kabla picha haijatokea yanakuja maandishi: "Bonyeza Ruhusu kuthibitisha kuwa wewe si roboti." Hakuna uthibitisho wowote pale. Kitufe kile kinairuhusu tovuti ikutumie arifa, na ukishakibonyeza itakutumia hata ukiwa umeifunga, hata usiku wa manane.

Juzi mama mmoja mwenye duka la vipodozi aliniletea simu akiwa ameshaamini kuwa pesa zake zote za kwenye simu zinakwenda. Kila akiwasha skrini anakutana na ngao nyekundu na maneno "virusi 13 vimepatikana". Nikamwambia, "Mama, vuta hapa juu, usome haya maandishi madogo." Juu ya ile ngao palikuwa na alama ya Chrome, na pembeni yake jina la tovuti asiyoijua kabisa. Tukaingia Chrome, vitone vitatu, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Orodha ya zilizoruhusiwa ilikuwa ndefu, maana mwanawe huazima simu kuangalia katuni. Tukazizuia zote, zile ngao zikakoma palepale.

Kinachowatisha watu zaidi ni ule ukurasa unaoitaja simu yako kwa aina yake, kisha simu inatetemeka. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, huipa tovuti taarifa kuhusu simu unayotumia, na tovuti inaweza kweli kuitetemesha. Lakini ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kukagua simu yako nzima kutafuta virusi. Ukisema umekagua, unadanganya. Ufunge.

Hatari yenyewe inaanza pale unapotii na kubonyeza "Safisha sasa". Hapo mara nyingi unashushiwa faili la APK (faili la kuweka programu kwenye Android) kutoka nje ya Play Store, na likishaingia linaomba ruhusa mbili za kuogopa: kusoma SMS, na ile ya ufikivu (Accessibility), iliyowekwa kuwasaidia wasioona vizuri. Hii ya pili ni nzuri kwa anayeihitaji, ila programu ya mwizi ikiipata inasoma kilichopo kwenye skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Ukijumlisha na SMS, namba ya uthibitisho ya benki inasomwa kabla wewe hujaiona. Wakuu, nawasihi: APK ya kuokota usiiweke kwenye simu yenye pesa zako.

Kuna mchangiaji hapo juu kasema ukiona alama ya kufuli basi tovuti ni salama. Kwa heshima, nampinga. Kufuli lilimaanisha tu kwamba mawasiliano yako na tovuti hayasomeki njiani. Halikusema mwenye tovuti ni nani. Ili kupata kufuli tovuti inahitaji cheti, na shirika la Let's Encrypt linatoa vyeti hivyo bure, kwa hiyo hata tapeli anacho. Chrome wenyewe waliiondoa alama ile mwaka 2023 kwa sababu watu walikuwa wanaielewa vibaya. Soma anwani badala yake: tafuta alama ya / ya kwanza baada ya jina la tovuti, kisha angalia kilicho kushoto kwake. Kwa mfano, ajira.go.tz.jambofulani.com/maombi haina uhusiano wowote na serikali. Mwenyewe ni jambofulani.com. Tovuti ya serikali ya Tanzania jina lake linaishia na .go.tz, ya Kenya .go.ke.

Mengine kwa haraka. Nywila ya barua pepe iwe ya peke yake, usiitumie kwingine, kwa kuwa akaunti zako nyingine nyingi hubadilishwa nywila kupitia hapo. WhatsApp weka uthibitishaji wa hatua mbili, na ile namba ya uthibitisho ya tarakimu 6 inayokuja kwa SMS usimpe hata ndugu yako anayeiomba kwa meseji. Kwa walioko Tanzania, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na SMS za matapeli ziripoti 15040.

Mkuu, ukishazuia arifa zote na bado matangazo yanatokea hata Chrome ikiwa imefungwa, basi kuna programu inayohusika. Bonyeza kitufe cha kuzima, kisha shikilia maandishi ya "zima" mpaka ikuulize kuhusu hali salama. Simu nyingi za Android zina hiyo. Ikiwaka hivyo, programu ulizopakua hazifanyi kazi. Matangazo yakipotea, anza kuondoa ulizoweka karibuni, moja moja. Ukikwama, rudi hapa na aina ya simu na majina ya programu ulizozikuta, nitakuelekeza.