Mnunuzi wa Ujerumani anataka taarifa za wakulima wetu: tufuate sheria ya nani?

SWALI: Mimi ni katibu wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) ya kahawa wilayani Mbozi. Mnunuzi wetu wa Ujerumani anataka orodha ya wakulima yenye namba za NIDA (kitambulisho cha taifa), simu, picha na GPS ya kila shamba. Ametuma pia mkataba mrefu unaotaja GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi. Viongozi wanaogopa faini za Ulaya. Je, sheria hiyo inatuhusu? Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu Katibu, hofu ya faini iwekeni kando kwanza. GDPR, iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, humbana aliye nje ya Umoja wa Ulaya pale anapowauzia au kuwahudumia watu walioko huko, au anapofuatilia mienendo yao. Ninyi mnaiuzia kampuni, na wenye taarifa wako Mbozi, kwa hiyo haiwashiki moja kwa moja. Inamshika mnunuzi, ambaye faini yake inaweza kufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka duniani kote, kutegemea kipi ni kikubwa. Tena inamlazimu kuwalinda hata wakulima wenu, maana haiangalii uraia wala makazi ya mtu. Waambieni hivyo: mkulima anaweza kumwandikia mnunuzi kuuliza anazo taarifa zake zipi, na kwa kawaida jibu linatakiwa ndani ya mwezi mmoja.

Inayowashika ninyi ni ya hapa nyumbani, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kwa kuweka majina na simu za wanachama, AMCOS ni mkusanyaji wa taarifa binafsi na inatakiwa isajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kusafirisha taarifa nje ya nchi nako kuna masharti yake, hivyo ulizeni Tume kuhusu kibali kabla orodha haijaondoka.

Sasa orodha yenyewe, na hapa ndipo nawaomba mkaze. GPS inatakiwa kwa sababu ya kanuni ya Ulaya ya 2023 inayozuia mazao yaliyotokana na ukataji misitu, kahawa ikiwemo. Lakini kwa shamba lisilozidi hekta 4, karibu ekari 10, kanuni hiyo inaridhika na nukta moja. Si lazima karani azunguke mpaka mzima. Namba ya NIDA haidai. Picha ya mkulima haidai. Muulizeni mnunuzi kwa maandishi kila safu ya orodha ni ya kazi gani, na safu isiyo na jibu iondoeni. Mimi ningependekeza apewe namba ya uanachama na nukta ya shamba, majina yabaki kwenye rejista yenu. Bado hizo ni taarifa binafsi, ila zikivuja madhara kwa mkulima yanapungua sana.

Kwenye mkataba, tazameni umewapa cheo gani. Mkiingiza taarifa kwenye programu ya mnunuzi kwa maelekezo yake, ninyi ni wachakataji wake, na mkataba lazima useme taarifa ni za kazi gani, zinalindwaje, nani mwingine anazigusa na zinafutwa lini. Mkishasaini, wajibu huo ni wenu kimkataba hata kama GDPR yenyewe haikuwafikia. Someni kwa makini kifungu cha uvujaji wa taarifa. Mnunuzi ana saa 72 tangu ajue kuuripoti kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya huko kwao, kwa hiyo atawataka mumwarifu upesi. Msikubali muda wowote kabla hamjaamua nani atampigia simu nani kishikwambi kikiibiwa shambani.

Wanachama waelezwe haya yote kwenye mkutano kabla ya usajili kuanza: nini kinachukuliwa, kinaenda wapi na kwa nini. Na kama makarani walishatumiana picha za vitambulisho kwa WhatsApp, zifutwe kwenye simu zao leo, hata kabla hamjaijibu barua ya mnunuzi.