Ukienda Ngome ya Bahla, usiende saa sita mchana

Nilipomwambia shangazi yangu wa Muscat kwamba kesho naenda Bahla, mji wa bara ya Oman, alicheka. "Huko kwa wachawi? Soma dua kwanza, mwanangu." Waomani wameusema mji huo kwa uchawi tangu zamani. Angenikumbusha maji ya kunywa ningemshukuru zaidi.

Nilifika saa sita mchana, kandambili miguuni. Ngome iko juu ya mwamba, mitende imeizunguka, na ndani ni ngazi juu ya ngazi: kipandio kimoja kinafika gotini, kinachofuata hakizidi shubiri. Nusu ya mnara tu nikaketi kivulini, nahema. Nenda asubuhi mapema na viatu vya kufunga.

Ila usikimbilie mlangoni. Simama kwanza mbali, barabarani, uitazame. Jiwe na ukuta vina rangi moja, hujui mlima unaishia wapi.

Waliotawala hapo ni ukoo wa Banu Nabhan, tangu karne ya 12 hadi mwisho wa karne ya 15. Msingi ni mawe, juu yake matofali mabichi ya udongo. Niliusogelea ukuta nikaona vijiti vya majani makavu vimechomoza kwenye lipu, sawasawa na tembe la babu kule Tabora. Na kama tembe, adui yake ni mvua. UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka 1988 tayari ilikuwa kwenye orodha ya hatari, maana kila msimu wa mvua ulizidi kuibomoa. Ilitolewa humo 2004, wageni wakafunguliwa milango 2012. Ukuta wa nje, unaozunguka mji na mashamba, una urefu wa kilomita 12 hivi. Usijaribu kuumaliza kwa miguu.

Vyumba vingi ni vitupu, kwa hiyo soma kidogo kabla ya kwenda. Anza na al-Qasabah, sehemu kongwe kuliko zote, ndipo uende Bait al-Jabal (jabali hilihili letu), ya karne ya 18. Ukitaka dari zenye nakshi za rangi, ngome ya Jabrin ni jirani, lakini iache ije baada ya Bahla. Ukianza nayo, udongo mtupu hautakusisimua.

Bahla ni mji wa wafinyanzi pia. Nilimnunulia shangazi chetezo. Hakukiweka hata kabatini: alitia makaa na ubani palepale, akanizungushia moshi kichwani. "Tuwatoe uliokuja nao."